Kiti Kinachosikia Vizuri

Mshonaji alikuwa anasinzia zake basini, lakini kinyozi mmoja wa kiti cha mbele akamwamsha kwa majigambo.

"Spika zote tano nimezielekeza kwenye kiti kimoja tu pale sebuleni kwangu," alimwambia abiria wa pembeni, amepakata boksi kubwa. "Ukikaa pale, mvua ya kwenye filamu inakunyeshea mgongoni!"

"Wewe unafaidi, ndugu yangu."

"Nafaidi wapi! Mama mkwe alikuja kututembelea, akakikalia mpaka leo. Na hasikii hata mlango ukigongwa."

"Si umwombe ahamie kwenye kochi?"

"Mkwe unamwinuaje, bwana?" Basi likasimama, naye akainuka na boksi lake. "Hii ni spika ya besi. Kama hasikii, atatetemeka."

Mshonaji, naye mama mkwe wa mtu, akajisemea moyoni kwamba yeye angetetemeshwa hata meno, asingeinuka.