Msumari Mtupu wa Mama Hiyam

Mama Hiyam Abu Jabal anastaafu Ijumaa hii, tarehe 26 Juni 2026, baada ya miaka ishirini na miwili na miezi minne katika kiwanda chetu cha kufua mashuka ya hospitali, hapa Tonawanda. Wenye ofisi waliniomba mimi, Généreuse wa meza ya kukunja, niandike ukurasa wa Kiswahili wa programu hii ya kumuaga, na niandike kwa furaha. Bon. Furaha wataipata mwishoni. Kwanza wasikie.

Aliingia Februari 2004, theluji ikiwa magotini, akapewa upande wa mashuka machafu, kazi ambayo vijana wa leo wanaikimbia kabla ya lanchi. Hakukimbia. Baadaye akahamishiwa mashine kubwa ya kupiga pasi, na ndipo nilipomkuta mwaka 2013, mimi nimetoka kambi ya wakimbizi juzi tu, sijui hata kusoma saa ya shifti. Akanishika mkono kama ndugu yake. Mimi na Theresia, mwenzetu ambaye ameshastaafu, tulimfundisha Kiswahili, yeye akatufundisha kula wali uliofungwa kwenye majani ya mzabibu. Maneno yake ya kwanza ya Kiswahili yalikuwa matusi. Hiyo ni kazi ya Theresia, mimi simo.

Mama Hiyam ni Mdruzi. Wadruzi ni watu wa milimani wenye dini yao. Hawakuombi uingie, na wewe usiwasumbue watoke. Kijiji chake kinaitwa Ain Zarura, kule juu kwenye matufaha na theluji, mahali ambapo serikali mbili zinagombania mpaka. Baada ya vita waya ulipita katikati ya bonde. Nyumba nyingine zikabaki huku, nyingine kule, kijiji kilekile.

Alizaliwa ng'ambo moja, akaolewa ng'ambo ya pili. Bibi harusi aliruhusiwa kuvuka geti mara moja tu, kurudi marufuku. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alivuka na gauni jeupe, mama yake akabaki nyuma ya waya. Tangu hapo, kila Ijumaa, mama alisimama kwenye kilima chao na kipaza sauti: "Hiyam! Umekula? Tumbo lako linaendeleaje?" Hiyam alijibu kwa koo lake tu, maana kipaza sauti cha upande wake kilikuwa kimoja na foleni ilikuwa ndefu. Hata baba yake alipokufa, aliambiwa hivyo hivyo, bonde zima likisikia.

Koo hilo lilichukiwa sana hapa kiwandani. Kuna bosi mmoja, ameshaondoka, alimwambia eti apunguze, hapa si sokoni. Halafu mwaka 2017 shati la mwenzetu Marcellin lilinaswa na roli za mashine ya pasi, mkono ukaanza kufuata. Mashine zote zinanguruma, nani amsikie? Mama Hiyam alikuwa mwisho kabisa wa jumba. Akaita, "Simama! Mkono!" kwa Kiswahili, na mimi nikabonyeza kitufe chekundu kabla sijaelewa kwa nini. Vidole vitano vya Marcellin viko salama. Mhesabie mwenyewe.

Sasa nifike kwenye lililonichefua. Kila anayestaafu hapa, jina lake linawekwa ukutani kantini, na juu yake bendera ndogo ya kwao. Salomon ana ya Kongo. Theresia ana ya Tanzania. Jumatatu nikaona jina la Mama Hiyam: msumari mtupu, na karatasi imeandikwa "Nchi haijulikani."

Haijulikani na nani? Miaka ishirini na miwili mnakula naye meza moja, hamjauliza! Nilikwenda ofisini na aproni yangu. Wakasema serikali mbili zinagombana, wao hawataki siasa. Walimwambia achague moja. Yeye akawajibu, "Mimi sikuolewa na bendera. Andikeni Ain Zarura." Wakasema fomu ina nafasi ya nchi, haina nafasi ya kijiji. Aibu! Mnajua kutoa doa la damu kwenye shuka, fomu inawashinda? Mimi pia natoka milimani, Kivu ya Kusini, nimeulizwa mpaka nimechoka "kwenu hasa ni wapi." Mtu anajua kwao. Akikwambia, andika.

Donc, sisi wa shifti ya mchana tumekubaliana, na ofisi inasoma hapa kama kila mtu. Karatasi ile nimeibandua, iko mfukoni mwangu, asiitafute mtu. Polycarpe wa stoo amechonga kibao cha mbao, AIN ZARURA, na kitatundikwa kwenye msumari ule. Ijumaa baada ya keki, Marcellin atazima mashine zote dakika tano, kwa mkono uleule.

Mama Hiyam, asante kwa mkono ulionishika na kwa mkono uliouokoa. Nenda Columbus kwa binti yako ukale vizuri, ulale mpaka jua lipande, na mguu ule mbaya uupumzishe, usijifanye msichana. Lakini kwanza, Ijumaa, simama upande wa mashine yako. Sisi tutasimama mwisho mwingine wa jumba, wote, tutaita jina la kijiji chako na jina lako, kama alivyokuita mama.

Tukiita, itika.