Vumbi Lisilofutika

Ndugu waombolezaji, mimi ni mwana wa kwanza wa marehemu, nimepewa jukumu la kuwasomea maisha ya mama yetu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Mama Vumbi.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa kitinda mimba, akasoma shule ya ng'ambo ya reli hadi mwaka 1967, na tarehe 3 Februari 1969 akaajiriwa katika kituo cha darubini kilimani, si kwenye darubini yenyewe, bali chumba cha chini, kukagua na kufuta vumbi kwenye vioo ambavyo darubini ilipigia picha za anga, madirisha yakiwa yamezibwa na mlango umefungwa ili vumbi lisiingie.

Aliolewa na baba yetu, fundi saa, tarehe 12 Desemba 1971, wakajaliwa watoto watatu, nasi sote tulizoea kumwona akikung'uta nguo kabla ya kutoka kwenda kazini.

Mwezi Agosti 1978 alikuta doa kwenye kioo, akalifuta kama kazi ilivyotaka, lisitoke, akafuta tena, wapi, wenzake wakamtania kwamba vumbi limemposa, hadi alipotoa kioo cha mwaka mwingine cha upande uleule wa anga, akalikuta palepale, ikathibitika kuwa ni galaksi, yaani kundi kubwa la nyota, ya mbali, yenye kitovu king'avu na mikono miwili iliyojizungusha, mmoja ukiwa umevutwa na galaksi ndogo jirani isiyotaka kuuachia.

Mama aliomba jambo moja tu, kuiona kwa jicho lake kupitia darubini, lakini kila alipoomba, mkuu wa kituo alimsifu, akamuuliza akipanda juu nani atakagua vioo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, mama yetu alisifiwa akatiwa kufuli. Inaniuma hadi leo.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2003, na walipomwita hatimaye aje aione kwa darubini, presha ya macho ilikuwa imeshampofusha, hivyo nikachungulia kwa niaba yake, nikamwambia ukweli kwamba naona vumbi tu, naye akacheka mpaka akatoa machozi, akasema ndilo hilohilo, nisithubutu kulifuta.

Kiharusi kilimlaza kitandani Mei 2019, akaagiza madirisha yasifungwe hata upepo uvume vipi, akafariki tarehe 9 Oktoba mwaka huohuo, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliomgeuza kitandani kwa zamu, na wenzake wa kilimani.

Mama, madirisha yako wazi, vumbi na liingie, pumzika kwa amani.