Waliokuja na Waliopiga Simu: Maisha ya Paulino Ebei Lomulen, Fundi wa Pampu

Paulino Ebei Lomulen, tunayemlaza leo Jumamosi tarehe 18 Oktoba 2025 katika shamba lake hapa Burat, Isiolo, alizaliwa Ngaremara tarehe 14 Machi 1968. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya saba wa mzee Lomulen Ekal na mama Nakiru, ambao wote wametangulia. Tarehe yake ni ya hakika kwa sababu padri aliyembatiza aliiandika. Kwa kaka zake wawili imeandikwa tu "wakati wa njaa".

Alianza shule ya msingi ya misheni mwaka 1976 akiwa na miaka minane, maana mbuzi walimhitaji kabla mwalimu hajamhitaji. Alifanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1982, akaingia sekondari, akasoma hadi kidato cha pili. Ukame wa 1984 ulipomaliza mifugo ya baba yake, alirudi nyumbani. Miaka miwili baadaye alipata nafasi katika chuo cha ufundi kule Meru, na Novemba 1988 alitoka huko akijua injini na pampu za maji. Alikuwa akiweka ncha moja ya spana kwenye mashine na nyingine sikioni, akafumba macho, kisha akasema ugonjwa ulipo. Mara chache sana alikosea.

Kuanzia 1989 hadi 2004 aliajiriwa na mradi wa maji wa misheni. Mwaka 2005 alifungua karakana yake Bulapesa, mjini Isiolo. Kutoka Kipsing hadi Korbesa, ni vigumu kutaja kisima ambacho hakuwahi kuinua pampu yake. Kila alikofika, mtu wa kwanza kumpokea alimwita "rafiki yangu", na wa mwisho kumuaga alimwita "ndugu". Ebei alilipokea neno hilo lote, bila kulipima. Kwa kuwa majina yalimponyoka, aliyahifadhi kwenye simu hivi: Rafiki Kipsing, Rafiki Korbesa wa kwanza, Rafiki Korbesa wa pili, hadi wa kumi na moja. Marafiki hao wamehesabiwa. Ni mia nne na kumi na wawili.

Tarehe 11 Desemba 1993 alifunga ndoa kanisani hapa Isiolo na Ntinyari, binti wa Kimeru, na Mungu akawajalia watoto watatu: Kendi, Ekai na Akai. Ilikuwa ndoa ya amani, ila kwa jambo moja tu, simu. Siku ya ubatizo wa Akai, Ebei aliondoka kabla chakula hakijapakuliwa kwa sababu Kipsing walikuwa wamepiga.

"Baba Kendi," Ntinyari alimwambia siku ile, "hao ni watu wa maji. Maji yakitoka, wanaondoka nayo."

"Mama, wewe unaona wivu na watu mia nne?"

"Nitaona wivu na mmoja akikuletea hata chumvi."

Ebei alicheka, akawasha pikipiki.

Hapa lazima lielezwe jambo lililotokea Korbesa tarehe 9 Septemba 2011, mwaka wa ukame mkali. Kisima kilikuwa cha kuchimbwa kwa mkono, kina cha mita kumi na tisa, na pampu ilikuwa imeanguka ndani. Wanaume wanane walimteremsha Ebei kwa kamba. Kisimani kuna desturi, na wanaotoka huko wanaijua: aliyeshika kamba ya mtu hasalimii, hasalimiwi, hali wala hanywi, hata babake akipita, mpaka mtu atoke. Kule chini bomba lilimwangukia Ebei mguuni, akanaswa, kamba pekee ikimzuia asizame majini. Huku juu, kondoo aliyechinjwa kwa heshima ya huyohuyo fundi akaiva. Mmoja alisema anaenda kuangalia nyama mara moja tu. Wa pili akaenda kumwita wa kwanza. Ebei alihisi kamba ikilegea kidogo kidogo, akajua watu wanaondoka, ingawa hakuna aliyemwambia. Mwishowe alibaki mchungaji mmoja ambaye Ebei hakuwa amemwona hata mara moja kabla ya siku hiyo, Abdub Roba. Abdub alijizungushia kamba kiunoni, akakaa chini, akakita visigino kwenye mawe.

"Fundi! Umekufa?" aliita.

"Bado!"

"Ukifa niambie mapema. Nyama inaisha."

Alikaa hivyo saa tano, mpaka wale saba waliporudi wameshiba, wakavuta pamoja, mguu ukachomoka. Ebei alipofika juu alitaka kumshukuru.

"Shukrani ya nini?" Abdub alisema. "Wewe ni fundi mbaya. Tulikuita Jumanne, unakuja leo Ijumaa. Ng'ombe yangu tatu zimelala, hazijaamka."

Jioni hiyo, wale saba waliokula waliingia kwenye simu kama Rafiki Korbesa. Abdub aliandikwa Abdub Kelele. Tangu siku hiyo, kila alipoleta mbuzi mnadani Isiolo, Abdub alipitia karakana, akakosoa kazi yote aliyoikuta mezani, akanywa chai, akaenda zake. Kwa miaka kumi na minne Ebei alimhesabu kuwa mtu wa kupita tu.

Januari mwaka huu Ebei alianza kuumwa na tumbo na kukonda. Tarehe 4 Agosti alilazwa katika hospitali moja nje ya Isiolo. Madaktari walikuta uvimbe tumboni. Walisema unaweza kutolewa ukiwahiwa, lakini damu yake ilikuwa chini sana, na upasuaji uliopangwa tarehe 14 Agosti haungefanyika mpaka watu sita wajitokeze kutoa damu, ya aina yoyote, kujazia ile atakayotumia. Ebei hakushtuka hata kidogo.

"Watu sita?" alimwambia daktari. "Daktari, wewe tafuta ndoo."

Tarehe 6 Agosti mwanawe Ekai alituma ujumbe kwa Marafiki wote mia nne na kumi na wawili. Ulitaja hospitali, wodi, saa za kutoa damu na siku ya upasuaji. Majibu yote yapo. Thelathini na wanane walituma picha ya mikono inayoomba. Ishirini na mmoja walipiga simu, na kati yao kumi na watatu waliulizia pampu. Mmoja alisema hivi, neno kwa neno: "Pole sana rafiki yangu, tunakuombea. Sasa, kabla hujaingia kwa upasuaji, jenereta yetu inatoa moshi mweusi. Itakuwa ni nini?"

Na Ebei, sindano ya maji ikiwa mkononi, alimjibu: "Angalia chujio ya hewa."

"Mungu akubariki," alisema yule, akakata simu. Hakupiga tena. Labda jenereta ilipona.

Dada yake Atabo alitoa damu siku ya kwanza, na Ekai siku ya pili. Ntinyari alikataliwa kwa sababu ya presha. Tarehe 11 alikuja Amino, mama auzaye maziwa ya ngamia mbele ya karakana, ambaye Ebei alikuwa akimsalimu kila asubuhi kwa miaka tisa bila kumjua jina. Alifunga kibanda chake siku mbili ili afike. Tarehe 12 aliingia mtu mwenye vumbi mpaka kwenye kope, akasimama miguuni pa kitanda.

"Salaam aleikum. Wewe Mturkana, siku hizi unalala mchana?"

"Abdub! Nani alikuambia?" Kwa maana ujumbe ulitumwa kwa Marafiki, na Abdub hakuwa Rafiki.

"Mlango yako iliniambia. Imefungwa, na mimi nimetoka Korbesa sina mtu ya kutukana." Kisha alimgeukia muuguzi. "Hiyo damu mnatoa wapi? Mkono ama shingo?"

Tarehe 13 alikuja Ado Tari, akichechemea. Ado alikuwa msaidizi wa Ebei. Mwaka 2016 alianguka kutoka kwenye mnara wa tangi, mguu ukavunjika mara mbili, akalala kwao miezi minne. Katika miezi hiyo minne Ebei alimtumia salamu. Kwenda, hakwenda. Ado alitoa damu, akaja kukaa kando ya kitanda. Ebei aligeuka akatazama ukuta.

"Ado, mimi sikuja kwako."

"Najua," Ado alisema. "Nilikuwa nakungoja."

Ado alikaa mpaka alipofukuzwa na kengele ya wageni. Baadaye Ebei alimwambia dada yake, "Hiyo pia iandike. Usinifiche." Ndiyo maana imeandikwa.

Basi walikuwa watano. Tarehe 14 Agosti ikafika, na mtu wa sita hakuwepo. Abdub alimfuata muuguzi akimwonyesha mkono wa pili, akisema yeye ni mkubwa, achukue tena, na muuguzi akamkatalia. Upasuaji ukaahirishwa. Alihitajika mmoja tu. Katika watu mia nne na kumi na wawili walionyweshwa, walionyweshewa mifugo, walioamshiwa mashine zao usiku na siku za sikukuu, alihitajika mmoja wa kutoa mkono kwa nusu saa. Tarehe 23 Agosti saba kati yao walipita mbele ya lango la hospitali hiyo wakielekea harusini. Jambo hilo linajulikana kwa sababu mmoja wao alipiga simu akiwa garini kusema kwamba wamemkumbuka.

Mtu wa sita alipatikana tarehe 2 Septemba. Alikuwa mama anayefagia wodi, ambaye hakutaka jina lake lisomwe, na ambaye Ebei hakuwahi kumtengenezea kitu chochote. Upasuaji ulifanyika tarehe 4. Uvimbe ulikuwa umeenea, wakamshona bila kuutoa. Hakuna daktari aliyesema kwamba siku zile za kumngoja mtu wa sita ndizo zilizomwua, na hapa halisemwi. Linalosemwa ni kwamba zilikuwa siku kumi na tisa.

Alirudishwa Burat tarehe 12 Septemba. Abdub aliacha mbuzi zake kwa mdogo wake, akaja kukaa. Alimgeuza kitandani, akamnyoa ndevu, akamlaumu kwa kutokula. Jioni moja Ebei alimwita Ekai na simu.

"Toa neno Rafiki kwa hayo majina yote."

"Nifute namba, baba?"

"Namba acha. Watu watataka maji, na wewe utawaelekeza kwa fundi mwingine. Futa hilo neno tu."

Kazi hiyo ilichukua siku mbili. Ekai alipofika kwa Abdub Kelele aliuliza abadilishe aandike nini.

"Huyo mwache hivyohivyo," Ebei alisema.

"Asikudanganye," Abdub alisema kutoka mlangoni. "Anaogopa nitaongeza kelele."

Siku chache kabla ya mwisho alimwambia Atabo: "Siku ya kunizika, andika waliokuja. Waliopiga simu usiwaandike, na hilo neno usiwape bure." Alipokea Sakramenti ya Wagonjwa tarehe 5 Oktoba. Alifariki Jumatano tarehe 8 Oktoba 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na miaka hamsini na saba, mbele ya mke wake, dada yake na Abdub.

Tangu siku hiyo, watu kumi na wanne wameomba nafasi ya kusema leo chini ya kichwa cha "Marafiki". Mmoja aliandika kwamba yeye na marehemu walikuwa kama ulimi na mate. Familia inawashukuru kwa kufika, viti vipo na chakula kipo. Lakini katika ratiba mliyoshika hakuna sehemu hiyo, na haikusahauliwa. Methali kuhusu rafiki na dhiki inajulikana na kila mtoto wa darasa la nne, hivyo hatutaisoma hapa. Kuomba nafasi ya kutoa salamu si kosa, na kujuana si dhambi. Mtu anaweza kumjua fundi wake, akamheshimu, akamuaga vizuri. Kosa ni kumla mtu miaka thelathini kwa jina la urafiki, kisha kuja kulirudia jina hilo mbele ya jeneza lake. Abdub Roba aliulizwa kama angependa kipaza sauti. Alisema, "Mimi nilisema naye akiwa hai."

Paulino Ebei Lomulen ameacha mjane, Ntinyari, watoto watatu, Kendi, Ekai na Akai, wajukuu wawili, dada yake Atabo na kaka yake Lokuruka. Ameacha pia marafiki, nao ni hawa: Abdub Roba wa Korbesa, Ado Tari, Amino wa maziwa, na mama mmoja ambaye hakutaka kutajwa. Wamewekwa katika aya hii, pamoja na ndugu, kwa makusudi.

Hema hili litakunjwa keshokutwa, Jumatatu, saa tatu asubuhi. Viti vitarudishwa, na magari yatakuwa yameondoka. Jumanne Ntinyari ataamka peke yake katika nyumba hii, kilomita mbili na nusu kutoka kambi ya jeshi, lango la bluu, halina kufuli. Hahitaji hotuba. Aliyetaka kusema leo na akanyimwa nafasi, aje Jumanne, akae, anywe chai, aseme yote. Atasikilizwa.

Mungu ampe Ebei usingizi usiokatizwa.