Nashoni Nchagwa, Aliyeleta Jina la Filadelfia Natta

Marehemu Mwinjilisti Nashoni Nchagwa alizaliwa tarehe 4 Juni 1958 katika kijiji cha Matongo, wilaya ya Tarime, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Nchagwa na Mama Mokami, akimfuata kaka yake Ryoba, ambaye tunaye hapa leo. Alisoma shule ya msingi hapohapo kijijini, akachunga ng'ombe wa baba yake kwa miaka kadhaa, na mwaka 1980 akajiunga na chuo cha Biblia mjini Musoma, alikojifunza Kiyunani kidogo, kiasi cha kuwachosha wenzake kwa kuwaeleza kila jina lilikotoka.

Tarehe 15 Desemba 1984 alifunga ndoa na Boke, Mungu akawajalia watoto wanne, Jackson, Sarah, Agustina, na Felix aliyetangulia mbele za haki.

Mzee Nchagwa alifariki mwaka 1998, na mwaka uliofuata Ryoba alisimama mahakamani akawataja watu wa ukoo wake mwenyewe walioiba ng'ombe wa majirani, jambo ambalo wazee hawakulimeza. Walimwendea Nashoni wakamwambia, "Boma la baba yako ni lako, na ng'ombe wote, wewe tamka tu kwamba Ryoba si ndugu yako." Nashoni aliwaamkia shikamoo, akawakaribisha uji, kisha akawajibu, "Wazee wangu, mkimtoa Ryoba, na mimi mmenitoa." Wakawatoa wote wawili, nao wakahamia Natta, wilaya ya Serengeti, na mbuzi wachache.

Huko Nashoni alijenga kanisa la miti na nyasi, akaliita Filadelfia. Vijana wa kambi za watalii walidhani ameuenzi mji wa Marekani wenye jina hilo, naye akawaeleza siku ya ibada kwamba jina hilo ni la Kiyunani, maana yake upendo wa ndugu, na kwamba mji wa Filadelfia unaotajwa katika Ufunuo ulipata jina hilo kwa ajili ya Atalo wa Pergamo, ambaye wakubwa wa Roma walimshawishi auchukue ufalme wa kaka yake aliyekuwa hai bado, akakataa, akarudi kumtumikia.

Ryoba, ambaye hakuwahi kubatizwa, alisikiliza akiwa nje, amekaa ameegemea ukuta na fimbo yake. Wakirudi nyumbani alimuuliza, "Huyo Atalo hakujuta?" Nashoni akasema, "Sijakuta palipoandikwa." Walitembea kidogo, akaongeza, "Mimi sijajuta, kaka."

Mwaka 2014 wazee waliwaita warudi Matongo, wakamkabidhi Ryoba boma kama mzaliwa wa kwanza, na Nashoni akajenga pembeni yake.

Mwaka 2023 alianza kusumbuliwa na figo, na muda wote Ryoba, pamoja na uzee wake, hakukubali mtu mwingine amwogeshe. Alifariki tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi, ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Matongo na Natta, wainjilisti wenzake, na wazee wa ukoo waliochimba kaburi hili kwa mikono yao.

Nashoni, mdogo wake Ryoba, pumzika kwa amani.