Machungwa ya Mdogo Wangu

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe mkubwa zima hiyo redio, maana sauti yangu imebaki kama maji ya mwisho mtungini na sitaki kuigombania na msoma habari. Mmekuja na kalamu mkidhani nitataja nani achukue kabati na nani achukue vitanda. Kabati lina mchwa, likateni mkapikie. Ninachowaachia ni shamba la michungwa hapo nyuma, na shamba haliachwi bila habari zake, na habari za hili nimezikalia miaka ishirini na saba.

Nianze na la kazi, kwa kuwa ndilo jepesi. Ule upande wa kisimani ulio mtupu mtaupanda, na msipande aina moja mkawa na karamu mwezi mmoja na njaa kumi na moja. Wekeni miti mitatu ya chungwa la kitovu, linawahi kuiva, halina mbegu, hata mtoto hulimenya kwa kidole. Ila msilikamue mkaliweka, maji yake yakikaa kidogo huwa machungu kama salamu za wifi. Wekeni Hamlini kwa ajili ya kukamua, ni dogo na halina sura, lakini mti wake hauna choyo. Kisha Valensia, linalochelewa, linalong'ang'ania mtini hata wenzake wamesahaulika, na likikaa sana ganda lake hurudia ukijani. Mnunuzi mjinga atasema ni bichi, mwacheni aende zake. Bebesheni kijiti cha mchungwa juu ya shina la mlimao, na kila chipukizi litakalotoka chini ya kiungo likateni, hilo ni limao linataka kurudi kwao. Na kikonyo, hicho kijiti cha kubebeshea, msikichukue kwa mtu anayewasimulia utamu, kichukueni kwenye mti ambao mmekula tunda lake wenyewe.

Sasa nisikilizeni vizuri. Wewe binti, usikae huko mlangoni kama mgeni, njoo hapa miguuni pangu. Hawa wawili niliwazaa, wewe nilikulea, na hili ni lako kuliko lao.

Shamba lile tulilinunua wawili, mimi na mdogo wangu, mama yako. Karatasi ina jina langu peke yangu kwa sababu siku ya kuandikishana yeye alikuwa amelazwa kwa ajili ya moyo wake, nami nikasema tutarekebisha baadaye, na hiyo baadaye haikufika. Tulipanda milimao ya kubebeshea safu mbili, kumi na mbili yangu, kumi na mbili yake. Mimi nilitaka Valensia. Yeye alikuwa amekula mahali chungwa lenye nyama nyekundu, chungwa damu, na tangu siku hiyo hakuwa na neno lingine. Nilimwambia, "Mdogo wangu, lile linataka baridi. Huku kwetu joto, litabaki la manjano kama mengine, na mti utakuwa mvivu." Akacheka, akasema, "Dada, wewe unapanda kwa ajili ya soko. Niachie safu moja nipande kwa ajili ya roho."

Akavipata vikonyo vyake, sijui alivitoa wapi, akavifunga kwenye gunia bichi. Wiki hiyo hiyo moyo ukamshika tena. Akiwa anapandishwa garini alinishika mkono akasema, "Nibebeshee, dada. Visikauke."

Nilivitia jikoni.

Msinitazame hivyo. Nilikuwa ninapika, jiko linazimika, gunia liko pale karibu, na moyoni nilikuwa na hasira ya mtu aliyebishiwa na mdogo wake. Nikavichoma kimoja kimoja, nikaviona vikitoa povu kwenye ncha, harufu ya ganda la chungwa ikajaa nyumba nzima. Kisha nikachukua vikonyo vya Valensia yangu, nikabebesha safu yake yote kwa mkono huu.

Aliporudi, amekonda, akakuta machipukizi yametoka, alinikumbatia. Aliniambia ahsante. Miaka mitatu alikaa na kigoda chake chini ya ule mti wa kwanza, akiumwagilia kwa kopo, akikwambia wewe uliyekuwa mdogo, "Haya yatakuwa mekundu ndani, mwanangu, utaona." Nami nikipita na jembe nasikia, nanyamaza. Majuto ni mjukuu, walisema, lakini wangu alizaliwa mapema na akakaa kulelewa humu humu. Mama yako alizikwa mwezi mmoja kabla matunda ya kwanza hayajaiva.

Siku ya kuchuma, nikapasua la mti ule wa kwanza, mti alioketi chini yake. Lilikuwa jekundu. Si wekundu wa kupaka, bali jekundu mpaka kwenye mbegu, maji yake yakanitiririka hadi kwenye kiwiko, na doa lake halikutoka kwa sabuni siku saba. Nikaonja. Lilikuwa tamu, na nyuma ya utamu kulikuwa na moshi. Nikapasua ya miti mingine kumi na moja, yote ya manjano, Valensia kama nilivyobebesha.

Nilimwita bwana shamba. Akapasua, akanusa, akaniuliza, "Nani aliyebebesha?" Nikasema mimi. "Basi ulichanganya vikonyo, mama. Ila cha kushangaza, huku kwetu hata ukipata kikonyo chenyewe, halifikii wekundu huu." Aliondoka na mawili kwenye mfuko. Hakurudi, na mimi sikumfuata.

Mwaka uliofuata ukageuka mti wa pili. Wa tatu ukafuata, kwa mpangilio, kama mtu anayetembea polepole akigusa shina moja moja. Ndipo nikaweka yale mabati na ile kufuli ambayo mmeifanyia mzaha miaka yote, eti mama analinda machungwa kama benki. Niliwaambia miti ina ugonjwa. Nilikuwa nikichuma peke yangu na kufukia. Upepo ukitulia kabisa, hata manyoya ya mbuzi hayatikisiki, safu ile majani yake yanacheza. Ndege hawatui pale. Na shina ukiliwekea kiganja, lina joto la mtu.

Unakumbuka, binti, siku uliyopenya chini ya mabati? Ulikuja jikoni mdomo mwekundu hadi kidevuni, unacheka, ukasema, "Mama mkubwa, mama alisema kweli!" Nami nikakuchapa. Nilikuchapa mpaka fimbo ikavunjika, mtoto yatima wa miaka tisa, kwa kosa la kuamini neno la mama yake. Ukaomba msamaha. Wewe ndiye uliyeomba.

Hilo ndilo linaloniua, wala si kifua.

Safu yake ilipokwisha, nilidhani deni limekwisha. Ikaingia safu yangu, miti iliyokuwa ikinipa manjano miaka yote, mmoja kila msimu, ikija upande wa nyumba. Sikuwahi kumwomba radhi hata kaburini, nilikuwa naona aibu ya kusema na udongo. Juzi, nilipowaambia mnibebe nje niote jua, nilipasua la mti wa mwisho, huo wa dirishani. Mliniona nikilala ghafla mkadhani ni jua kali. Haikuwa jua.

Basi sikilizeni nisemavyo, pumzi inakatika. Mwanasheria alikuja jana, dole gumba nimeliweka. Safu yake, na nusu ya upande mtupu, ni ya binti yake, kwa haki na si kwa huruma. Nyinyi wanangu wa kiume msimbishie. Atakayempeleka barazani nimemwondolea radhi. Mabati yang'oeni. Hiyo miti msiikate... msiikate hata mmoja. Kuleni, wapeni na majirani. Moshi ule nadhani ni wangu mimi tu, nyinyi hamtausikia.

Nipe maji kidogo. Hapo, yatosha.

Mkubwa, punguza ubishi. Mdogo, oa. Mungu awape mikono yenye kushika mti ukashika... na vinywa visivyoficha. Mkigombana, mgombane mezani, msinyamaze. Nimewaridhia wote watatu, mbele na nyuma.

Na wewe uliye miguuni pangu, mbona umekonda hivyo? Gari limekurudisha saa ngapi? Kaa, mdogo wangu, kaa, usisimame na moyo huo. Upande wa kisimani bado haujapandwa. Safari hii sibishi. Aina chagua wewe... chagua wewe, mimi nitachimba mashimo.