Ukuta wa Maganda ya Kahawa

MUTHAMIA: Haloo, hospitali ya Meru. Nani anaongea?

NJIRU: Ni mimi shemeji, Njiru. Niko dukani hapa Runyenjes. Hamjambo huko?

MUTHAMIA: Hatujambo. Dada yangu Cicily ni mzima?

NJIRU: Mzima, anakusalimu. Sikiliza, nimepewa dakika tatu tu. Ile kambi ya homgadi, hao walinzi wa serikali, karibu na sisi—

MUTHAMIA: Bado wanapiga kelele?

NJIRU: Tangu asubuhi ni filimbi, ngoma, kugombania nyama. Mama alikuwa anashinda ameshika kichwa. Basi nikafanya vile ulinishauri. Hii nyumba ya zamani ya baba ni mbao tupu, nikapigilia mbao zingine ndani, katikati nikashindilia maganda ya kahawa. Nyufa nikaziba na magunia.

MUTHAMIA: Ikanyamaza?

NJIRU: Kabisa. Mama alilala mchana, mara ya kwanza tangu serikali itangaze hali ya hatari, hii Emajensi.

MUTHAMIA: Si nilikwambia. Shemeji yako ana akili, sema asante.

NJIRU: Ngoja kwanza. Juzi wakaja na bunduki.

MUTHAMIA: Wanataka nini?

NJIRU: Wanasema zamani walinisikia hata nikikohoa, sasa hawasikii kitu. Ati mtu mwema ukuta mnene ni wa nini. Ati tunakula kiapo cha watu wa msituni humo ndani.

MUTHAMIA: Na huyo mama mzee hivyo?

NJIRU: Yeye ndiye anatulisha hicho kiapo, wanasema. Nikacheka, nikala kofi.

MUTHAMIA: Pole. Bomoa huo ukuta leo leo.

NJIRU: Wamekataza, ni ushahidi. Kesho Bwana D.O. anakuja kuamua kama nitabaki nyumbani ama nitaenda kizuizini. Cicily naye anashinda mlangoni akinigombeza juu ya chumvi, kwa sauti, wasikie hatuna siri.

MUTHAMIA: Sasa mimi—

NJIRU: Wewe una muhuri wa hospitali. Andika mistari miwili: mama anaumwa kichwa, na shauri la maganda lilitoka kwako.

MUTHAMIA: Haloo?

NJIRU: Si lilitoka kwako?

MUTHAMIA: Haloo, Njiru? (laini inakwaruza kidogo) Laini imeharibika. Sikusikii.

NJIRU: Mimi nakusikia vizuri. Nasikia hata mgonjwa hapo nyuma anaomba maji.

MUTHAMIA: Sisikii kitu. Haya, salimia mama, salimia—

NJIRU: Shemeji, ninaogopa.

MUTHAMIA: Imekatika kabisa.

NJIRU: Haijakatika. Nakusikia ukipumua.