Kamera Iliyosikiza Kikao cha Familia

Vijana wenzangu, sitataja mtu jina, na sitazunguka sana.

Ng'ombe wetu waliibiwa hapa Kabazi, mkakuja kutupa pole. Kijana niliyekuwa napanga naye arusi akasema, "Tulia, nitawawekea kamera." Akaweka moja kwa zizi, nyingine sitting room juu ya kabati. Mama akamchinjia kuku. Ndugu zangu, nawaambia, hatukuuliza hata paswadi. Kamera zilifunguliwa na simu yake, tukaona ni sawa. Si ni mtu wetu?

Sasa, mnajua kabla wageni walete mambo ya mahari, familia hukaa peke yao wapatane watasema nini. Wajomba wakakaa na Mama pale sitting room. Mimi bibi arusi siruhusiwi, nilikuwa jikoni na moshi yangu.

Wageni wakafika, nikaingia kuwapa chai. Mjomba akianza kuomba mbuzi, msemaji wao anajibu kabla amalize. Akitaja blanketi, wamebeba tayari, hata rangi ni ile Mjomba alitaka! Halafu huyo msemaji akasema kwa upole, "Na kwa vile mama atapasuliwa, tuombe arusi iwe mapema."

Kupasuliwa? Mimi mtoto wake sikuwa najua! Mama akaniangalia. Alidhani nilisikiza mlangoni nikawapelekea maneno. Hayo macho, wacha tu.

Nikamvuta kijana nje. "Umetoa wapi hayo maneno?"

"Nilikuwa nawachunga tu na kamera. Wezi hawana saa."

"Wajomba wangu ndio wezi?"

Akacheka. "Wewe nawe! Si tutakuwa familia?"

Nikarudi ndani, nikapanda kiti, nikang'oa hiyo kamera mbele ya wote. Nikawaambia kazi ambayo imekuwa ikifanya. Shangazi akalia ati nimeharibu siku. Wacha iharibike!

Arusi ikaisha hapo. Nililia, sidanganyi, na kwa muda nilikuwa naongea kwetu chinichini kama mgeni.

Asante kwa mwalimu wa kompyuta aliyeanzisha upya kamera ya zizi kwa simu ya Mama, akaangalia ukuta Mama akiandika paswadi. Asanteni kina mama mliokaa naye hospitali Nakuru.

Mtu akikuwekea kitu cha intaneti kwa nyumba, uliza kinafunguliwa na simu ya nani. Uliza hata kama unampenda. Hasa kama unampenda.

Mama ako hapo nyuma, amepona. Ameniruhusu niseme alipasuliwa. Alikuwa anaugua nini, mngoje awaambie mwenyewe, akitaka.